Ng'ombe Ana Jina, Mama Hana: Kuusaka Ukoo wa Elizabeth Tilley

Mwezi Mei 1627 walowezi wa Kiingereza wa koloni la Plymouth, kwenye pwani ya mashariki ya Marekani ya leo, waligawana mifugo. Watu walipangwa katika makundi 12, kila kundi watu 13, na karani akaandika nani yuko na nani na wamepata mnyama gani. Kundi la nne liliangukiwa na mtamba aliyeletwa na meli iitwayo Jacob. Mtamba huyo alikuwa na jina, na limo kitabuni hadi leo: Raghorn.

Wa pili kwenye orodha ya kundi hilo ni Elizabeth Howland, mke wa John Howland, umri miaka 19, na tayari ana watoto wawili. Miaka sita na ushei kabla ya hapo alifika nchi ile kwa meli ya Mayflower pamoja na baba na mama yake. Gavana William Bradford, aliyeandika historia ya koloni lile kwa mkono wake, anawataja abiria hao watatu hivi: John Tillie, na mkewe, na Elizabeth binti yao. Basi. Mkewe ni nani, kazaliwa na nani, katoka kijiji gani, hakuna neno. Ng'ombe kaandikwa jina; mama mzazi kaandikwa "mkewe".

Anayetaka kuujua ukoo wa mwanamke wa Kiingereza aliyehamia makoloni ya karne ya 17 hugonga ukuta huo huo. Mwanaume huacha alama kila anapopita: ananunua shamba, anashtakiwa, anatia saini, anapewa cheo. Mwanamke hupita ndani ya kivuli cha baba, kisha cha mume, na akifiwa akaolewa tena, kivuli cha mume wa pili. Kila kivuli kina jina lake la ukoo. Kumfuatilia ni kama kufuatilia mtu anayebadilisha laini ya simu kila baada ya miaka kumi bila kumwambia mtu. Elizabeth ni mfano mzuri kwa sababu safari ya kumtambua ilipotea njia vibaya, ikakaa upotevuni muda mrefu, na njia ya kurudi ikaonekana mahali ambapo wengi hawakuwa wakitazama.

Kwanza yale yasiyo na ubishi. Mayflower iliondoka Plymouth ya Uingereza Septemba 1620 na abiria 102, ikafika Cape Cod Novemba. Walijenga mahali palipokuwa na kijiji cha wenyeji Wawampanoag kiitwacho Patuxet, ambacho wakazi wake walikuwa wamefagiliwa na maradhi miaka michache tu kabla. (Wanawake wa Patuxet, tukitaja waliokosa kuandikwa, hawakuachiwa hata neno "mkewe".) Majira yale ya baridi ya kwanza yaliua karibu nusu ya wageni. John Tilley na mkewe walikufa muda mfupi baada ya kushuka nchi kavu. John mwingine, ndugu yetu Howland, alikuwa mtumishi wa gavana wa kwanza, John Carver. Ndiye yule kijana aliyetupwa baharini na dhoruba njiani, akadaka kamba ya tanga iliyokuwa ikiburuzwa majini, akavutwa juu mzima. Carver naye alifariki masika ya 1621, mkewe akamfuata baada ya wiki chache. Elizabeth alibaki yatima wa miaka 13. Baada ya miaka michache akaolewa na Howland, wakapata watoto kumi, wote wakakua. Wajukuu walipita 80. Katika uzao huo wamo marais Franklin Roosevelt na akina George Bush wawili, baba na mwana, na mwigizaji Humphrey Bogart.

Sasa uzao mkubwa hivyo huzaa na hadithi. Kizazi hadi kizazi ilisimuliwa kwamba Howland alimwoa binti wa gavana Carver. Ukitazama unaona ilivyozaliwa: Howland aliishi nyumbani kwa Carver, Carver alikuwa mkubwa, wote wawili wako mwanzoni kabisa mwa koloni, na mke wa Howland anaitwa Elizabeth tu, bila jina la baba. Nafasi iliyo wazi ikajazwa na mtu aliye karibu na mwenye cheo. Katika karne ya 19 hadithi hiyo ikachongwa kwenye jiwe la kaburi la Howland pale Burial Hill, Plymouth, na ikishafika kwenye jiwe nani tena ataibishia? Nami nasema bila kuficha: hadithi za nasaba zinapokosea, aghalabu hukosea kuelekea juu. Sijasikia ukoo uliojibambikia babu mchunga punda.

Kilichoivunja hadithi hiyo ni kitabu kilichopotea. Hati ya Bradford ilikuwa ikihifadhiwa Boston, katika kanisa la Old South, na ikatoweka wakati wa vita vya uhuru wa Marekani. Mwaka 1855 ikatambuliwa huko London, katika maktaba ya askofu, kwenye jumba la Fulham. Mwaka uliofuata ikachapishwa. Mwishoni mwake Bradford ameweka orodha ya abiria wa Mayflower na, kwa kila nyumba, maelezo ya nini kiliwapata miaka 30 hivi baadaye. Hapo imo sentensi moja fupi: mtumishi John Howland alimwoa Elizabeth, binti wa John Tillie, na wote wawili bado wako hai na wana watoto kumi. Hati yenyewe ilirudishwa Massachusetts mwaka 1897. Jiwe lililopo leo kwenye kaburi la Howland linamtaja Tilley.

Hilo lilikuwa fundo la kwanza, nalo lilifunguka kwa bahati. La pili halikuwa hivyo. Tumejua ni binti Tilley, lakini Tilley yupi?

Uingereza ya wakati ule haikuwa na usajili wa serikali wa vizazi. Huo ulianza mwaka 1837. Kilichokuwepo ni rejista za parokia, zilizoamriwa mwaka 1538 na Thomas Cromwell, waziri wa mfalme Henry VIII. Kila kasisi aandike ubatizo, ndoa na maziko. Nyingi za mwanzo ziliandikwa kwenye karatasi hafifu, na mwaka 1598 ikaamriwa zinakiliwe kwenye vitabu vya ngozi, hasa kuanzia 1558, mwaka Malkia Elizabeth wa Kwanza alipoanza kutawala. Kwa hiyo parokia nyingi rejista zao zinaanzia 1558, na kilichomo ni nakala ya mtu aliyekaa siku kadhaa akinakili miaka 40 kwa mkupuo, huku mkono ukichoka.

Ndani ya rejista kuna mitego. Kinachoandikwa ni siku ya kubatizwa, si ya kuzaliwa. Mtoto huandikwa kuwa ni wa fulani, na huyo fulani mara nyingi ni baba peke yake. Tahajia haina mwenyewe: Tilley, Tillie, Tylly, wote ni wamoja, kama vile Hamisi na Khamis kwetu, ila pale hata mtu mmoja huweza kuandikwa kwa namna tatu. Kisha kuna mwaka. Hadi 1752 mwaka wa Waingereza ulianza tarehe 25 Machi, si Januari mosi. Msomaji aliyewahi kusherehekea Mwaka Kogwa kule Makunduchi mwezi Julai hatashangaa kwamba mwaka waweza kuanza mahali pengine, lakini kwa mtafiti aliyesahau jambo hili balaa ni kubwa: mtoto aliyebatizwa tarehe 15 Januari 1603 kwa hesabu yao, kwetu ni 1604. Ndiyo maana waandishi wa nasaba huandika 1603/4, kwa mkwaju. Usipojua maana ya mkwaju ule unaweza kumzalisha mama mtoto mwezi mmoja kabla ya harusi, au kumzika mtu kabla hajafa.

Mtego mkubwa kuliko yote ni majina kufanana. John Tilley wako wengi. Waliotangulia kutafuta walimwona Leiden, Uholanzi, ambako sehemu ya wasafiri wa Mayflower walikuwa wakiishi uhamishoni, mtu mwenye jina la kufanana aliyeoa huko mwaka 1615, wakamtwaa kuwa ndiye. Mkewe wa Kiholanzi akaingizwa kwenye vitabu vya nasaba kuwa mke wa Tilley. Jina limefanana, mji unaelekea, na kiti cha "mkewe" kilikuwa kitupu, akakalishwa. Ni kosa lile lile la Carver, limevaa nguo nyingine.

Jibu lilikuwa ndani ya orodha ya Bradford muda wote, ila kwa jirani. Kabla tu ya John Tilley na familia yake anatajwa nduguye, Edward Tilley, na Ann mkewe, pamoja na watoto wawili ambao Bradford anasema walikuwa "binamu" zao: Henry Samson na Humility Cooper. Nimeliweka neno hilo ndani ya alama kwa sababu kwa Kiingereza cha siku hizo lilibeba karibu ndugu yeyote wa damu asiye mtoto wako, kama sisi tunavyosema "ndugu yangu" tukamwacha msikilizaji akisie. Henry alikuwa na miaka 16, Humility bado mtoto mchanga. Hawakuwa binamu wa yeyote kati ya wazee wale wawili.

Fikiria sasa. Ukimtafuta Tilley peke yake utawapata huku na huko. Cooper nao ni wengi mno, na Samson hawakosekani. Lakini kijiji kimoja chenye Tilley, Cooper na Samson kwa pamoja, walioana, katika miaka ile ile, tena wenye majina ya kwanza yanayolingana na ya abiria? Mwaka 1976 mtafiti Robert Leigh Ward alichapisha matokeo ya kijiji hicho: Henlow, kaunti ya Bedfordshire, kaskazini ya London. Kwa mpigo mmoja abiria saba wa Mayflower wakapata kwao.

Katika rejista ya Henlow, Henry Samson anabatizwa Januari 1603/4, mtoto wa James Samson na Martha Cooper. Ann, mke wa Edward Tilley, ni Agnes Cooper wa pale pale. Wakati huo Ann na Agnes yalihesabika karibu jina moja, na huo nao ni mtego. Martha na Agnes ni mtu na nduguye. Humility ni mtoto wa kaka yao, Robert Cooper. Kwa hiyo Ann alikuwa shangazi wa Humility, na kwa Henry alikuwa mama, mkubwa au mdogo. Bradford laiti angeandika Kiswahili, maneno hayo mawili tu yangetuonyesha nani anatoka upande gani, na pengine miaka mia ya kupapasa isingekuwepo. Kiingereza kikawafunga wote kitanzi kimoja.

Na Elizabeth? Yupo. Tarehe 30 Agosti 1607 anabatizwa Elizabeth, binti wa John Tilley. Ni wa mwisho kuzaliwa. Mbele yake wametangulia Rose aliyebatizwa 1597, John wa 1599, Rose mwingine wa 1601/2 na Robert wa 1604. Rose wawili katika nyumba moja maana yake Rose wa kwanza alikufa, jina likarithiwa. Ukirudi nyuma unaikuta ndoa ya wazazi: tarehe 20 Septemba 1596 John Tilley anamwoa Joan Rogers.

Hapo mtu mwenye pupa angefunga daftari: mama yake Elizabeth ni Joan, binti wa akina Rogers. Tena ndani ya Mayflower alikuwemo Thomas Rogers, kwa hiyo bila shaka ni kaka yake au mjomba wa Elizabeth. Utamu huo uonje kwa tahadhari. Soma kurasa mbili tatu nyuma. Juni 1593 Thomas Rogers wa Henlow anamwoa Joan Hurst. Mei 1594 anabatizwa binti yao, naye anaitwa Joan. Thomas huyo akafa kabla ya ile ndoa ya 1596. Rogers, basi, lilikuwa jina la marehemu mume, na mwenye nalo alikuwa kaburini zaidi ya miaka 20 kabla Mayflower haijang'oa nanga; yule abiria ni mtu mwingine kabisa. Mama yake Elizabeth alizaliwa Hurst: Joan, aliyebatizwa pale Henlow Machi 1567/8, binti wa William Hurst na mkewe Rose.

Rose! Jina la bibi mzaa mama ndilo alilopewa mtoto wa kwanza wa Joan na John, na alipokufa likarudiwa kwa mwingine. Baba yake John Tilley naye aliitwa Robert, na Robert yumo kati ya wajukuu. Mswahili hahitaji kufundishwa hili. Nyumba ngapi mtoto wa kwanza wa kike ni jina la bibi? Kuita watoto majina ya wazee hakuwezi kuwa ushahidi peke yake, lakini kunapokubaliana na ndoa, ubatizo na kijiji, kunakaza msumari.

Angalia pia alichofanyiwa Joan na karatasi. Kazaliwa Hurst, akawa Rogers, akawa Tilley, na alipopanda meli akiwa na miaka 52 akawa "mkewe". Majina matatu na kifungu kimoja cha milki. Jina lake alilipata tena miaka 355 hivi baada ya kufa, kupitia watoto wawili wa watu waliokuwa wakisafiri na shemeji yake.

Bado mpinzani anayo haki ya kuuliza: mnajuaje kwamba Elizabeth wa Henlow ndiye huyu wa Plymouth, si Elizabeth mwingine? Swali zuri, kwa kuwa kufanana jina hakutoshi, tumeshaona. Jibu amelitoa mwenyewe Elizabeth.

John Howland alifariki Februari 1672/3. Elizabeth aliishi zaidi ya miaka kumi na minne baada yake, na uzeeni alikaa Swansea, mji wa koloni lile lile la Plymouth, kwa binti yake Lydia, mke wa James Brown. Huko, tarehe 17 Desemba 1686, aliandikisha wosia, na katika mstari wa kufungulia akataja umri wake: miaka 79, akili timamu. Piga hesabu. Aliye na miaka 79 siku hiyo amezaliwa kati ya Desemba 1606 na Desemba 1607. Ubatizo wa Henlow ni Agosti 1607. Unaingia kama ufunguo kwenye kitasa chake. Mzee wa siku zile kujua umri wake sawasawa halikuwa jambo la kila siku, wengi walikisia. Yeye alijua, au mama yake alimwambia akashika.

Siku hizi watu wanauliza kuhusu vinasaba. Kwa mtu aliyeishi vizazi kumi na vitatu nyuma, kipimo cha kawaida cha mate hakisaidii sana, kwa maana mababu wa daraja hilo wanafikia 8,192 na wengi wao hawajakuachia chochote cha kupimika. Kipo kipande kinachopita kwa mama peke yake, kutoka mama hadi binti hadi binti, na Elizabeth alikuwa na mabinti sita: Desire, Hope, Elizabeth, Lydia, Hannah na Ruth. Watu wawili walioshuka kutoka kwa mabinti wawili tofauti, kwa njia ya wanawake watupu, wakilingana, ni uthibitisho wa maana. Lakini ili kuijua njia hiyo ya wanawake watupu unahitaji kwanza karatasi, na kila hatua ya njia hiyo jina la ukoo linabadilika. Unarudi pale pale kwa karani.

Mimi ningependa kurudi kwenye wosia, maana ndiyo mara pekee tunapomsikia. Anagawa vitu kimoja kimoja. John, mwanawe mkubwa, anapewa paundi tano na kitabu cha maandishi ya Tyndale, mfasiri wa Biblia kwa Kiingereza, pamoja na shuka, foronya na mablanketi. Joseph anapewa mizani ya kuning'iniza. Jabez anapata godoro la manyoya na chungu kikubwa cha chuma pamoja na kulabu zake. Isaac anapata kitabu kingine cha dini, ufafanuzi wa Waraka kwa Warumi. Shuka zinazunguka karibu kwa kila mtoto, jozi moja moja, hadi unajiuliza bibi huyu alikuwa na masanduku mangapi. Na kwa mtafuta nasaba kila kipengele ni zawadi nyingine: binti yangu Lydia Brown, binti yangu Hannah Bosworth, binti yangu Elizabeth Dickinson. Aliyeandikwa maisha yake yote chini ya majina ya wanaume ndiye anayewafunga mabinti zake kwenye majina ya waume zao, ili wajulikane ni wa nani.

Alifariki Desemba mwaka uliofuata, akazikwa huko huko kwa binti yake, mbali na kaburi la mumewe. Vitabu alikuwa navyo, na yaelekea alivisoma. Wasichana wengi wa wakati wake walifundishwa kusoma bila kufundishwa kuandika. Mwishoni mwa wosia, mahali pa saini, karani ameandika kwamba hii ni alama ya Elizabeth Howland, na katikati ya maneno hayo zimo herufi mbili alizochora bibi: E na H.